Kabla ya Kumwaga Sufi Darini: Kihami Joto na Alama ya Nyumba Yako Dallas na Houston

Fundi anayeuza kihami joto Dallas au Houston huuza kwa namba moja tu, ile ya R, yaani kiwango cha kuzuia joto lisipite. Atapanda darini, ashuke na jasho lake, akuambie una R-19 na kwamba yeye anaweza kukufikisha R-49, bili ya umeme ishuke na nyumba ipande thamani. Namba hiyo si ya uongo. Ila ni namba ya bidhaa, nayo bidhaa ilipimwa maabara ikiwa imelala vizuri, bila tundu wala upepo. Alama ya ufanisi wa nishati, ile anayoitoa mkaguzi baada ya kuipima nyumba nzima, ina swali jingine: kilichonunuliwa kinafanya kazi gani pale kilipo? Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye sufi ya kuhami joto ya unene uleule darini, zinaweza kupata alama zilizoachana mbali. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba katika nyumba za Texas unene ni jambo la tatu. La kwanza ni kuziba matundu yaliyo kati ya vyumba na dari. La pili ni mabomba ya hewa ya AC yanayopita huko juu. Kisha ndiyo uongeze sufi. Ukigeuza mpangilio huo, kazi ya kwanza na ya pili zitafukiwa chini ya ile ya tatu, na siku ya kuzirekebisha utamlipa mtu kuiondoa sufi uliyomlipa mwingine kuimwaga.

Tuanze na alama zenyewe, kwa sababu ziko mbili na zinahesabu kwa kupishana. HERS, inayosimamiwa na shirika la RESNET, ni indeksi ambayo 100 ni nyumba ya mfano iliyojengwa kwa kanuni za nishati za 2006, na 0 ni nyumba inayozalisha kwa mwaka nishati sawa na inayoitumia. Kila pointi ni asilimia moja, na alama ndogo ndiyo nzuri. RESNET huiweka nyumba ya kawaida ya zamani inayouzwa tena kwenye 130, yaani inatumia asilimia 30 zaidi ya ile ya mfano. Alama ya pili, Home Energy Score ya Wizara ya Nishati ya Marekani, huenda 1 hadi 10, na hapo 10 ndiyo bora. Dalali akikutajia namba tupu, muulize ni ya kipimo kipi. Zote mbili huipima nyumba kwa mazoea ya kubuni: HERS, kwa mfano, huchukulia kwamba themostati imewekwa nyuzi 78 za Fahrenheit wakati wa joto na 68 wakati wa baridi, hata kama wewe huishusha hadi 70 mwezi wa Agosti. Kwa hiyo alama haitabiri bili yako. Familia inayopika mara tatu kwa siku, au muuguzi wa zamu ya usiku anayelala saa nane mchana wakati jua limelikalia paa, atalipa zaidi ya inavyosema karatasi. Hiyo si kasoro ya kipimo. Kipimo kiliundwa kulinganisha nyumba kwa nyumba, si watu kwa watu.

Sheria ya Texas haimlazimishi mwenye nyumba kuonyesha alama anapouza. Austin ina kanuni yake ya ukaguzi wa nishati tangu 2009. Dallas, Fort Worth na Houston hazina ya namna hiyo. Hata fomu ya muuzaji kueleza hali ya nyumba inauliza kama kuna asbesto au povu la urea-fomaldehaidi, vitu vya kudhuru afya, lakini haimtaki aseme darini kuna R ngapi. Usivunjike moyo, kwani yapo maandishi matatu ambayo wanunuzi wengi huyapita bila kuyasoma. Mkaguzi wa nyumba mwenye leseni ya Texas analazimika kuandika kwenye ripoti yake wastani wa kina cha kihami joto darini. Itafute sehemu ya paa na dari. Kwenye nyumba mpya, fungua boksi la umeme au tazama ukuta ulio karibu nalo: kanuni zinataka pawe na cheti cha kudumu kinachotaja R ya dari, kuta na mabomba ya hewa, pamoja na matokeo ya kipimo cha uvujaji. Na mkataba wa nyumba mpya unaotolewa na tume ya Texas ya mali isiyohamishika una kifungu kizima cha kihami joto, kwa sababu kanuni ya shirikisho inamtaka mjenzi aandike aina, unene wa inchi na R ya kila sehemu. Kikiwa kitupu siku ya kutia saini, mwambie dalali wako kijazwe kwanza.

Pingamizi la kwanza ambalo mtu wa kwetu Afrika Mashariki hulitoa ni hili: kihami joto ni cha nchi za baridi, na Texas ni joto. Piga hesabu. Siku ya Januari Dallas ikiwa nyuzi 35 nje na 70 ndani, tofauti ni nyuzi 35. Siku ya Julai, hewa ya darini chini ya vigae vya lami hufika nyuzi 130 bila shida, na ndani unataka 75; tofauti ni 55. Juu ya kichwa chako, basi, mapambano makubwa ni ya kiangazi. Pingamizi la pili ni la tofali. Aliyekulia kwenye nyumba ya matofali Arusha au ya mawe ya matumbawe Lamu huamini kwamba ukuta mzito ndio kinga yenyewe, na kwao ni kweli: kuta za Lamu na za Mji Mkongwe Zanzibar hunyonya joto la mchana polepole, huku madirisha yakiachwa wazi kupitisha upepo. Tofali la nyumba ya Texas, iwe Plano au Katy, halibebi hata paa. Ni safu moja ya nje. Nyuma yake kuna uwazi, kisha bodi, kisha fremu ya mbao, na kihami joto kimejazwa ndani ya fremu hiyo, mara nyingi R-13. Tofali peke yake lina R isiyofika 1. Kuta hizo ni ghali kuzifungua baada ya ujenzi, na ndiyo maana mazungumzo ya kuboresha nyumba iliyokwisha kujengwa huishia juu ya dari.

Sasa turudi kwenye namba ya R yenyewe, maana hesabu yake ndiyo inayomnyima muuzaji sehemu ya hoja yake. Joto linalopita kila futi ya mraba kwa saa ni tofauti ya nyuzi ikigawanywa kwa R. Chukua dari ya futi za mraba 1,500 na ile tofauti ya nyuzi 55. Kwa R-11, kiwango cha nyumba nyingi za miaka ya sabini, zinapita BTU 7,500 kwa saa. Pandisha hadi R-38, zinabaki kama 2,170. Umeokoa zaidi ya BTU 5,300, karibu nusu ya tani moja ya AC, kwa kuwa tani ni BTU 12,000. Ukiendelea hadi R-60, zinabaki 1,375. Hatua hiyo imekuokolea 800 hivi tu, kwa mifuko karibu sawa na ya hatua ya kwanza. Kanuni za nishati za ujenzi, IECC, za 2009 zilitaka R-30 kwenye dari za Dallas na za Houston, za 2012 na 2015 zikataka R-38, na za 2021 zikafika R-49. ENERGY STAR, mpango wa serikali ya Marekani, nayo inapendekeza R-49 kwa dari isiyo na kitu, na kuongeza R-38 pale penye inchi tatu au nne za zamani. Aliye na R-11 na akapuuza anatupa pesa. Aliye na R-38 iliyotulia na akashawishiwa kwenda R-60 kabla ya kugusa kitu kingine naye anazitupa, ila kwa heshima zaidi.

Na hapo tulikuwa tunahesabu sufi isiyo na pengo. Weka pengo. Tuseme dari ileile ya R-38 ina sehemu 5 kati ya 100 zilizo wazi: mfuniko wa ngazi ya kukunja, kona ambapo mtu wa kebo alikanyaga na kusukuma sufi pembeni, mstari wa ukingoni chini ya kenchi ambako fundi alishindwa kufika. Hizo ni futi 75 za mraba, na jipsamu tupu, pamoja na tabaka za hewa zinazoigusa juu na chini, ina R kama 2. Futi 1,425 zilizofunikwa zinapitisha BTU kama 2,060 kwa saa. Futi 75 zilizo wazi nazo zinapitisha 2,060. Kieneo kidogo kama chumba cha mtoto kinaingiza joto sawa na dari nyingine yote, na wastani wa dari yako si R-38 tena bali ni R-20. Wakaguzi wa RESNET wanalijua hili, na ndiyo sababu hawaandiki R peke yake. Huipa kazi ya fundi daraja: Daraja la I ni kazi isiyo na mapengo ya maana, la II huvumilia mapengo hadi asilimia 2, la III hadi asilimia 5, na programu ya kompyuta huiadhibu nyumba kulingana na daraja. Fundi mzembe na fundi makini wakitumia mifuko ileile watakupa alama mbili. Kwa hiyo kabla ya kununua mfuko wowote, panda na tochi asubuhi mapema, kanyaga juu ya mbao za kenchi na si juu ya jipsamu, na utafute mahali pa wazi. Mfuniko wa ngazi ndio mkosaji wa kawaida kuliko wote: kiboksi cha povu gumu na mpira wa kuzibia pembeni hufanya kazi kubwa kuliko inchi mbili za nyongeza kwenye dari nzima.

Kuziba hewa ni habari nyingine kabisa, na watu huichanganya na kihami joto kwa sababu vyote viko mahali pamoja. Sufi ya kioo hupunguza joto linalopenya. Haizuii hewa inayopita katikati yake. Chupa ya chai yenye kuta nzuri lakini isiyo na kizibo haitafikisha chai saa nne. Nyumba ya Texas ina vizibo vingi vilivyokosekana: matundu ya waya juu ya kuta, taa zilizozamishwa darini, bomba la hewa chafu ya choo, uwazi unaozunguka bomba la moshi la hita ya maji, kabati za jikoni zenye dari iliyoshushwa na isiyofungwa juu. Mkaguzi huvipima vyote kwa pamoja kwa feni kubwa anayoifunga kwenye fremu ya mlango wa mbele. Feni hunyonya hewa hadi shinikizo la ndani na la nje lipishane kwa paskali 50, kisha anahesabu hewa ya nyumba nzima inabadilika mara ngapi kwa saa. Kanuni za 2015 zinaruhusu mara 5 kwa Houston, iliyo kanda ya 2, na mara 3 kwa Dallas–Fort Worth, iliyo kanda ya 3 kwenye kanuni hizo. Nyumba ya futi za mraba 2,000 yenye dari ya futi 9, ikipata 10, inapitisha futi za ujazo 3,000 kila dakika wakati wa kipimo. Wakati feni inazunguka, ndipo umwombe mkaguzi akuonyeshe: weka kiganja juu ya swichi, soketi na taa za darini, utauhisi upepo. Gharama ya kuziba mengi ya hayo ni ya silikoni, povu la kopo na jasho la mtu mmoja, na ndiyo kazi isiyowezekana tena kwa raha baada ya kumwagiwa inchi 14 za sufi juu yake.

Halafu mabomba ya hewa. Huku Texas mjenzi huweka mashine ya AC na mabomba yake darini kwa sababu nyumba hukaa juu ya slabu ya zege na hakuna chumba cha chini. Matokeo yake ni ya ajabu ukiyatazama kwa utulivu: hewa ya nyuzi 55 uliyoilipia inasafirishwa ndani ya hewa ya nyuzi 130, kwenye bomba laini lenye R-6 au R-8. Kwa kila futi ya mraba, bomba la R-6 linapokea joto zaidi ya mara nane ya dari ya R-38 iliyo chini yake. Hapo hatujagusa uvujaji. ENERGY STAR husema katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye mabomba hupotea kwa kuvuja, kutoboka na kuungwa vibaya. Hewa baridi ikimwagikia darini, nyumba inabaki na upungufu, nao upungufu huo hunyonya hewa ya nje kupitia kila ufa. Houston hewa hiyo huja na maji. Indeksi ya HERS huuhesabu uvujaji wa mabomba waziwazi, kwa hiyo kuyaunga upya kwa gundi nzito ya mabomba, si kwa ile tepu ya kijivu inayoitwa ya mabomba na ambayo joto huibandua, kunaweza kuisogeza alama kuliko sufi. Wapo wanaopendekeza kuyazika mabomba ndani ya sufi. Wazo si baya, lakini bomba baridi lililozikwa kwenye hewa yenye unyevu hutoa jasho. Kanuni za 2018 zinataka bomba lililozikwa kabisa liwe na R-13 katika kanda zenye unyevu, na miji yote hii iko humo.

Aina ya kihami joto nitaipitia haraka, kwa kuwa watu huipa uzito kuliko inavyostahili. Sufi ya kioo ya kumwagwa hutoa R kama 2.5 kwa inchi. Selulosi, yaani karatasi zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, kama 3.5, povu la kunyunyiza la aina nyepesi hufanana na selulosi, na lile zito hupita 6. Foili ya alumini chini ya paa haina R ya kutajika, lakini hurudisha mionzi, na Wizara ya Nishati huikadiria kupunguza gharama za kupoza kwa asilimia 5 hadi 10 katika maeneo ya jua kali. Nyumba nyingi mpya za Texas tayari zina mbao za paa zilizobandikwa foili, tazama kwanza kabla ya kuuziwa nyingine. Povu la kunyunyizwa moja kwa moja chini ya paa lina faida moja ambayo sufi haina: linaziba hewa na kuihamishia darini hali ya ndani, hivyo mabomba yanaacha kuchomwa. Ni ghali, na likinyunyizwa vibaya halirekebishiki kirahisi. Jambo moja la kuogopwa: ukikuta darini kokoto nyepesi za rangi ya kahawia zinazong'aa kama mika, acha, shuka, funga mfuniko. Hiyo ni vemikuliti. Nyingi ya Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliokuwa na asbesto, na sehemu yake ilichakatwa katika kiwanda cha West Dallas. Ichukulie kuwa na asbesto, na usiichokore.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba nyumba ikizibwa sana itakosa hewa na kuota ukungu. Wanaolisema hawabahatishi, zipo nyumba za Houston zilizoota ukungu baada ya kazi ya namna hii. Lakini ukizifuatilia, kosa huwa moja kati ya matatu. Kwanza, fundi ameweka karatasi ya nailoni upande wa ndani wa ukuta kama wanavyofanya Minnesota, ilhali hapa unyevu hutoka nje kuja ndani, ukakwama nyuma ya jipsamu iliyopozwa na AC. Pili, amefunika matundu ya hewa ya kwenye ukingo wa paa bila kuweka vizuizi vya kuacha njia. Tatu, ameziba nyumba na kuiacha AC kubwa ileile ya zamani, ambayo sasa inafikisha baridi kwa dakika chache na kuzima kabla haijakausha hewa. Dawa ya nyumba iliyozibwa ni hewa safi inayoingizwa kwa kipimo, kwa feni, pale unapotaka, na kwa Houston mara nyingi na mashine ya kukausha hewa. Si kuitegemea ile inayopenya kutoka darini pamoja na vumbi la sufi na kinyesi cha panya. Hatari ya kweli ambayo haizungumzwi vya kutosha ni hita ya maji ya gesi yenye bomba la moshi la kawaida, hasa ikiwa ndani ya kabati. Nyumba ikishazibwa, feni ya jikoni inaweza kuuvuta moshi wake urudi ndani, na monoksidi ya kaboni haina harufu. Mtake mkaguzi ajaribu mvuto wa moshi kabla na baada ya kazi.

Kuna pia njia mbili za mkato. Ya kununua AC kubwa tumeshaigusa: mashine inapaswa kupimwa kwa hesabu ya mzigo iitwayo Manual J, na nyumba iliyozibwa huhitaji ndogo zaidi, kwa hiyo aliye na AC inayokaribia kufa afanye kazi ya darini kwanza. Ya pili ni sola. Paneli hushusha indeksi ya HERS vizuri sana, na ndipo penye mtego kwa mnunuzi: nyumba yenye 40 inaweza kuwa nyumba hafifu iliyovalishwa paneli. Omba indeksi bila sola. Paneli hazikusaidii jua likishazama na gridi imekatika, isipokuwa una betri. Februari 2021 uwanja wa ndege wa DFW ulishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri za Fahrenheit, Houston 13, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 za Texas zikakosa umeme. Julai 2024 kimbunga Beryl kikawaacha wateja zaidi ya milioni 2 wa CenterPoint, msambazaji wa umeme wa Houston, gizani katikati ya joto. Usiku kama huo nyumba huishi kwa kile ilichokihifadhi. Na kwa kuwa mabomba mengi ya maji hupita darini pia, hakikisha sufi inayafunika kutoka juu, isikae kati yake na chumba. Vinginevyo umeyatenga na joto la ndani na kuyaachia barafu.

Je, pesa zitarudi? Kwa anayekusudia kuuza baada ya miaka miwili, jibu la haki ni kwamba huenda zisirudi zote, maana mnunuzi haonyeshwi alama asiyoiomba. Ila unaweza kumfanya aione: wathamini wa Marekani wana nyongeza maalumu ya fomu ya kuandikia sifa za nishati, nayo ikiambatishwa pamoja na cheti cha HERS, mthamini ana kitu cha kushika. Mnunuzi anayetumia mkopo wa FHA, ule wenye bima ya serikali, anaweza pia kuingiza gharama za maboresho kwenye mkopo huohuo, kwa ripoti ya tathmini ya nishati. Jihadhari na fundi anayekuahidi punguzo la kodi ya shirikisho la asilimia 30: sheria ya Julai 2025 ililifuta kwa kazi zilizokamilika baada ya 31 Desemba 2025. Kinachobaki ni misaada ya wasambazaji wa umeme, Oncor upande wa Dallas na CenterPoint upande wa Houston, ambayo hupitia kwa makandarasi walioandikishwa. Na mpango wa shirikisho wa kukarabati nyumba za wenye kipato kidogo, ulioanza 1976 na unaosimamiwa Texas na idara ya jimbo ya nyumba na jamii. Huo hupokea kaya zilizo ndani ya asilimia 200 ya mstari wa umaskini, na mpangaji naye anaruhusiwa kuomba mwenye nyumba akikubali. Wanaokaa kwenye fleti za Vickery Meadow, Dallas, au Gulfton, Houston, hawana dari ya kugusa, lakini wana mlango: vipande vya mpira vya kuzibia pembeni na kizibo cha chini ya mlango ni vya kununua dukani, na barua fupi kwa meneja yenye picha ya bomba la AC linalovuja ni ombi la matengenezo, si la hisani.

Ukifika siku ya kumwaga sufi, usikubali kazi ya kuangalia kwa macho. Kanuni zinataka rula za karatasi au plastiki zisimamishwe darini, angalau moja kwa kila futi za mraba 300, namba zikitazama mlango wa kuingilia, ili mtu asome kina akiwa kwenye ngazi. Kanuni ya shirikisho ya R nayo inamtaka fundi akupe mkataba au risiti inayotaja eneo lililofunikwa, unene, R, na idadi ya mifuko kwa sufi ya kumwaga. Idadi ya mifuko ndiyo muhimu: sufi iliyopulizwa na hewa nyingi husimama juu siku ya kwanza, rula ikasoma inchi 15, kisha ikashuka miezi ikipita. Kila mfuko umechapwa jedwali la mifuko mingapi inahitajika kwa futi 1,000 kufikia R fulani. Lisome kabla lori halijafika, zidisha kwa ukubwa wa dari yako, na hesabu mifuko mitupu kwenye barabara yako kabla ya kuandika cheki.